Ubavu Uliobaki

Kule Nakivale, sisi tuliotoka Kongo tunaita baiskeli kinga. Warundi na Wanyarwanda wanasema igare, Waganda wanasema eggaali. Jina liwe lolote, kazi ni ileile: kubeba. Bidoni nne za maji, mkungu wa matoke, gunia la mahindi ya mgao, mama mwenye uchungu anayekimbizwa kujifungua. Miaka kumi na moja niliyokaa pale sikuwahi kuona mtu mzima anapanda kinga kwenda kutazama tu.

Leo naishi Uholanzi, katika mji mdogo wa Steenwijk, mkoa wa Overijssel. Mwaka wangu wa kwanza hapa, jirani yangu, mzee wa miaka sabini na kitu, alinipa baiskeli iliyokuwa ya marehemu mke wake. Akaniambia Jumapili niende nikatazame maji. Nikamuuliza, kule naenda kuchukua nini? Akacheka. Akasema hakuna cha kuchukua, nizunguke tu halafu nirudi. Kimoyomoyo nilisema hayo ni mambo ya watu walioshiba. Nilikwenda kwa kumheshimu. Lakini nimeendelea kwenda kwa sababu nyingine, na hiyo ndiyo ninayowaandikia, ju inatuhusu sisi na mashimo yetu.

Njia za baiskeli za huku ni nyembamba, zinatosha kinga mbili kupishana, na gari haliingii. Nchi imelala sawa kama meza. Hakuna kilima cha kusukuma. Upepo ndio kilima chao. Kwenye kila njia panda kuna kibao chenye namba, wewe unaandika namba zako kwenye karatasi, unazifuata moja baada ya nyingine, hupotei. Mpango huo wa namba ulianzia Ubelgiji, katika mkoa wa Limburg, mwaka 1995, kwa wazo la Hugo Bollen, mhandisi aliyekuwa amefanya kazi migodini. Watu wa Katanga mtafurahi kusikia: akili iliyotoka chini ya mgodi ndiyo inayoongoza wapanda baiskeli huku juu.

Ukitoka Steenwijk kuelekea kusini, kabla hata hujachoka unafika Giethoorn. Kijiji hiki sehemu yake ya zamani haina barabara. Kila nyumba iko kwenye kisiwa chake kidogo, imeezekwa kwa matete, na kati ya nyumba na nyumba ni mfereji. Madaraja ya mbao yanazidi 170. Watu wanasafiri kwa mtumbwi mwembamba unaosukumwa kwa mti mrefu, kama wavuvi wetu wanavyosukuma mahali penye maji mafupi. Watalii wanakuja kutoka dunia nzima.

Wenyeji wanasimulia kwamba waliokuja kwanza hapa walikuwa wakimbizi kutoka upande wa Bahari ya Kati, karibu mwaka 1230. Walipochimba wakakuta pembe nyingi za mbuzi-mwitu, waliokufa, wanasema, katika gharika ya mwaka 1170. Ndiyo maana wakapaita mahali pa pembe za mbuzi. Hadithi ya wazee ni hadithi ya wazee. Lakini neno lile, wakimbizi, liliponifikia nilisimamisha baiskeli nikashuka.

Mimi nilidhani mifereji hii na mabwawa yote yanayoizunguka ni kazi ya Mungu. Kumbe ni mashimo. Eneo zima, ambalo leo ni hifadhi ya taifa iitwayo Weerribben-Wieden, yenye hekta kama 10,000, lilichimbwa kwa mikono. Na kilichochimbwa hakikuwa dhahabu wala koltani. Kilikuwa kuni.

Warundi na Wanyarwanda wanakijua kitu hicho, wanakiita nyiramugengeri. Ni udongo mweusi wa kinamasi unaowaka. Majani na mizizi hufa ndani ya maji, hewa haifiki, basi haviozi vikaisha. Vinalaliana mwaka juu ya mwaka. Unene wa milimita moja tu unahitaji karibu mwaka mzima, kwa hiyo kina cha mita chache ni kazi ya maelfu ya miaka. Ukiutoa udongo huo, ukaukausha kwenye jua, unawaka polepole na kwa moto mzuri. Burundi wana ofisi ya serikali ya kazi hiyo, ONATOUR. Waholanzi walikuwa nao kila mahali, na misitu yao ilikuwa michache. Katika karne ya 17, Amsterdam ilipokuwa mji mkubwa wa biashara, nyumba zilipashwa moto kwa udongo huo. Mikate iliokwa kwa udongo huo, pombe ikapikwa kwa udongo huo, na matofali ya kujengea mji yakachomwa kwa udongo huo huo.

Waliouchimba hawakuwa watu wa Amsterdam. Walikuwa maskini wa vijiji vya huku. Kwanza walikata ule wa juu kwa sepeto. Ulipoisha, wakaanza kuvua tope chini ya maji. Walikuwa na chombo kama kikapu cha wavu kwenye mti mrefu. Mtu anasimama kwenye mtumbwi au ukingoni, anakitumbukiza, anakokota tope kutoka chini, anainua, anamwaga. Siku nzima mgongo umepinda. Tope linamwagwa juu ya kipande cha nchi kilichoachwa katikati ya maji, linatandazwa, halafu watu wanalikanyaga wakiwa wamefunga vibao miguuni ili wasizame. Likishikana linakatwa vipande kama tofali na kupangwa yakauke. Msomaji uliyewahi kufyatua tofali pale bondeni, sina haja ya kukueleza harufu wala baridi ya kazi hiyo.

Sasa sikiliza sehemu inayohusu jina. Shimo lile refu la maji waliliita weer. Kipande cha nchi kilichoachwa kati ya shimo na shimo, cha kuanikia, walikiita rib. Kwa Kiholanzi neno hilo ndilo pia la ubavu wa mtu. Weerribben, basi, ni mashimo na mbavu. Shimo lilikuwa na upana wa karibu mita thelathini, na ubavu mita chache tu. Na kila ubavu ulikuwa kishawishi, kwa sababu nao ni kuni. Unausimamia kila siku, unajua chini ya miguu yako kuna pesa. Mwaka wa njaa unapunguza kidogo upande huu. Mwaka mwingine, kidogo upande ule. Jirani naye anafanya hivyo upande wake.

Kusini mwa Giethoorn, mahali paitwapo Blauwe Hand, barabara inapita katikati ya maji mawili makubwa. Moja linaitwa Belterwijde, jingine Beulakerwijde. Wijde maana yake ni uwazi mpana, na ndiko lilikotoka jina Wieden. Siku ya kwanza nilisimama pale nikala mkate wangu. Mashua zenye matanga meupe zilikuwa zinakwenda na kurudi, watoto wanacheka. Maji yale si marefu. Jioni nilipomweleza mzee jirani nilipofika, akaniuliza kama najua nilikuwa nimekaa kando ya kijiji. Nikamwambia sikuona kijiji. Akasema ndiyo, kwa sababu kiko chini.

Kiliitwa Beulake. Kilikuwa kijiji cha wachimbaji, na kilikuwa na kanisa lake. Upande huu wa Wieden ndio uliochimbwa mapema na kwa pupa zaidi, mashimo yakawa mapana mno na mbavu nyembamba mno. Bahari ya Zuiderzee wakati huo ilikuwa karibu, imezuiwa na tuta. Mwaka 1775 ikaja dhoruba, maji ya bahari yakavunja na kuingia. Kama nchi ingekuwa nzima, maji yangeingia, yakasimama, yakatoka. Lakini maji yalikuta mashimo. Mawimbi yakapata nafasi ya kukimbia, yakapiga mbavu, moja ikakatika, wimbi likawa kubwa zaidi, likapiga inayofuata. Mwaka 1776 ikaja dhoruba nyingine ikamalizia. Mabwawa mengi madogo yakawa ziwa moja, na Beulake ikawa ndani ya ziwa. Walionusurika wakahama.

Hapo ndipo mkate ulipokuwa umenishinda kama ningejua mapema. Kwa sababu mimi bonde la namna hiyo nimelichimba.

Mwaka wangu wa sita kambini, mimi na mdogo wangu tulianza kufyatua tofali kwenye bonde lililo chini ya kiwanja chetu. Udongo pale ulikuwa mzuri. Shirika moja lilikuwa linajenga madarasa, na fundi wao akanunua kwetu. Alikuwa mnunuzi mzuri, alilipa palepale. Alihesabu tofali, akapima ugumu wake, akakataa zilizopasuka. Kitu ambacho hakuwahi kuuliza ni zimetoka wapi. Na mimi sikumwambia. Shimo letu likasogea kuelekea la jirani, na la jirani likasogea kuelekea letu, mpaka katikati pakabaki ukuta wa udongo wa hatua mbili.

Mvua za masika zilipokuja mashimo yakajaa. Jioni moja ubavu mwingine, kati ya mashimo mawili ya chini zaidi, ukateleza. Mtoto wa mama mmoja wa kijiji chetu, wa miaka minne, alikuwa anapita juu yake. Alitolewa akiwa hai, ju kijana mmoja Mrundi alikuwa karibu anaosha igare lake. Nilimwona mtoto akitapika maji. Usiku ule sikulala, lakini lazima niseme ukweli wote: baada ya wiki mbili nilirudi kufyatua.

Mkutano ukaitishwa. Mfanyakazi wa shirika jingine akasimama na bango la picha, akasema vijana wanaharibu mazingira, elimu inahitajika. Wenyeji nao wakasema wakimbizi wanamaliza nchi yao. Sisi vijana tukakaa nyuma tunaangalia chini. Hakuna aliyesema kwamba ukuta wa darasa, ule uliokuwa nyuma ya mgongo wa msemaji, ndilo bonde lenyewe limesimama wima. Na hapo sitaki nieleweke vibaya. Watoto wa dada yangu wanasoma kwenye darasa lile. Darasa lilihitajika, na pesa ile ilitununulia dawa.

Nilipokuwa nasoma na kuuliza habari za Beulake, hicho ndicho nilichokuwa natafuta: nani alilaumiwa, na nani alikuwa anaota moto. Ukitaka kuona jibu kwa macho, endelea na baiskeli mpaka Blokzijl. Ni mji mdogo, safi sana, una bandari ya duara katikati na nyumba za matofali za karne ya 17 zenye vipaji vya mapambo. Kuni za udongo zilipakiwa hapa, zikavuka bahari kwenda Amsterdam na miji mingine ya Holland, na faida kidogo ilibaki kwenye nyumba hizi za wafanyabiashara. Nyumba za wachimbaji huzioni. Ziliishia kama walivyoishia wenyewe, na nyingine ziko chini ya Beulakerwijde. Aliyeshika mti wenye kikapu alijua ubavu unapungua. Alikuwa anausimamia kwa miguu yake. Aliyekuwa anaota moto Amsterdam hakuwa na haja ya kujua. Na mchimbaji akiacha mita mbili zaidi, hasara ni yake peke yake, leo hii, na mtoto wake ndiye atakayelala na njaa.

Hiyo ndiyo hesabu ya ubavu. Mimi niliipiga kwa ule wetu: urefu hatua kumi na tano, upana hatua mbili, kina kimo cha mtu. Ni tofali zaidi ya elfu nne.

Je, walijifunza? Ndiyo, ila baada ya kijiji kuzama. Kaskazini zaidi, upande wa Weerribben, uchimbaji mkubwa ulikuja baadaye, na huko kanuni zilishikiliwa: ubavu uachwe mpana. Ukipita leo na baiskeli kati ya Kalenberg na Ossenzijl unaona tofauti kwa macho. Kule Wieden ni maziwa wazi. Huku ni mistari: maji, nchi, maji, nchi, imenyooka kama matuta ya viazi. Mbavu bado zipo. Watu wale wale, kazi ile ile, umaskini ule ule. Kilichobadilika ni kwamba kulikuwa na kipimo kimoja kinachombana kila mchimbaji, kwa hiyo aliyeacha ubavu hakuwa mjinga peke yake mbele ya jirani yake.

Uchimbaji uliendelea mpaka karne ya 20, ukiongezeka tena wakati wa vita makaa ya mawe yalipoadimika. Kisha ukafa. Waliobaki waliishi kwa kukata matete ya kuezekea, ambayo mpaka leo yanakatwa kila majira ya baridi na kufungwa mizigo kama tunavyofunga nyasi zetu, na kwa kuvua mikunga. Bahari nayo ilifungwa. Mwaka 1932 tuta kubwa liliigeuza Zuiderzee kuwa ziwa, na mwaka 1942 sehemu ya ziwa hilo mbele ya Blokzijl na Vollenhove ilikaushwa kuwa mashamba. Ukisimama leo kwenye bandari ya Vollenhove unatafuta bahari huioni. Ng'ombe wanakula mahali meli zilipopita.

Weerribben ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1992, na Wieden ikaunganishwa nayo mwaka 2009. Fisi-maji, aliyekuwa ametoweka kabisa Uholanzi, alirudishwa hapa kuanzia mwaka 2002. Yule mnyama mwenyewe sijamwona, ila alama za miguu yake nimeonyeshwa. Na kuna jambo lililonichekesha. Shimo likiachwa, majani yanaelea juu yake, yanafungamana, mwisho miti inaota na maji yanatoweka. Kwa hiyo sasa, ili mabwawa yasipotee, yako mashimo yanayochimbwa upya kwa mashine, kwa pesa ya umma. Kazi iliyovunja migongo ya maskini leo ni kazi ya kutunza mazingira.

Nawaambia hivi ili msije mkadanganywa na uzuri. Watalii wanapita wakisema, tazama asili ilivyo nzuri. Ni nzuri kweli, mimi mwenyewe kila Jumapili isiyo na mvua niko pale. Lakini uzuri huo ulichukua miaka mia mbili na zaidi kuja juu ya jeraha, na Beulake haikurudi. Sisi Nakivale hatuna miaka mia mbili. Mabonde yetu nayo si mahali pa kutupwa. Vinamasi vya Mburo na Nakivale viliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006, orodha ileile iliyo na Weerribben. Kwenye karatasi, bonde letu na hili la watalii ni ndugu.

Mwaka jana, masika yalipokaribia, nilimpigia mdogo wangu. Nikamwambia ule ubavu kati yetu na jirani asiuguse. Nikamweleza habari za Beulake, nikamtumia picha za maji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema:

"Yaya, nimekusikia. Lakini ule ukuta ni tofali elfu ine. Elfu ine ni masomo ya batoto babili. Nikiuacha, jirani ataukula upande wake. Sasa niambie, mimi nifanye nini?"

Sikuwa na la kumjibu. Alikuwa amenirudishia historia yote niliyomweleza, kwa maneno machache.

Tulichofanya ni kidogo. Nilituma ada ya mtoto mmoja. Ya wawili ilinishinda. Yeye akamwendea jirani, mzee mmoja kutoka Masisi, akamwita papa kama inavyopasa, wakakaa jioni mbili. Wakakubaliana kipimo: hatua mbili zibaki, na kila mmoja apande majani ya ng'ombe upande wake ili mizizi ishike. Mwenyekiti wa kijiji akaja kushuhudia. Hakuna karatasi. Kwa mashimo mengine ya lile bonde sina habari nzuri, mengi yameshaungana.

Kwa nyinyi mnaofanya kazi kwenye mashirika, na najua mnasoma jarida hili, ombi langu ni moja. Siku mtakaponunua tofali, au kuni, au mkaa, mkishamaliza kuhesabu na kupima ugumu, muulize pia zimetoka shimo gani, na ubavu umebaki hatua ngapi. Mkimlipa vizuri zaidi anayeacha ubavu, mtakuwa mmefanya kazi ambayo bango la picha haliwezi. Kwa nyinyi ndugu zangu mnaofyatua: kaeni na jirani yenu kabla ya mvua, si baada yake. Mtu mmoja hawezi kuuacha ubavu peke yake. Una pande mbili.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinitumia picha. Mvua imenyesha sana huko. Maji yamejaa kushoto, maji yamejaa kulia, na katikati kuna mstari wa majani mabichi. Mtoto wake amesimama juu yake ameshika kinga ya baba yake, ili nione upana.